Jirani ameomba kugeuza nyumba kuwa HMO: namna ya kutoa maoni yako kwa kaunsili

Kila baada ya wiki chache naletewa picha ile ile kwenye simu. Karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwenye nguzo ya taa, nusu imelowa mvua, na chini ya picha swali: "Dada, hii inasema nini, na mimi nifanyeje?" Mara nyingi inasema mwenye nyumba fulani mtaani anaomba kibali cha kaunsili (halmashauri ya eneo) aigeuze iwe HMO, yaani nyumba ambayo watu wasio ndugu wanapanga kila mmoja chumba chake, wakitumia jiko, bafu au choo kwa pamoja.

Wanaoniuliza wako wa aina mbili. Kuna waliojinyima miaka wakanunua nyumba mtaani hapo, sasa wana wasiwasi. Na kuna waliopanga chumba kwenye nyumba hizo hizo, wanaogopa kibali kikikataliwa watalala wapi. Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka yangu ya kwanza hapa England nilikuwa kwenye chumba cha darini, tuko sita na jiko moja. Leo nakaa kwenye mtaa wenye nyumba tatu za aina hiyo. Kwa hiyo nawaandikia wote, na hatua ni zile zile ukiwa unapinga au unaunga mkono.

Ukishika jambo moja hapa, shika hili: afisa wa mipango wa kaunsili anaamua juu ya matumizi ya nyumba. Wapangaji ni akina nani, wametoka wapi, wanalipwa shilingi ngapi, hayo hayamhusu na sheria haimruhusu kuyapima. Barua inayozungumzia watu inatupwa pembeni. Barua inayozungumzia mapipa ya taka, mita, vyumba na idadi ya nyumba inasomwa.

Mwongozo huu ni wa England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba ya ombi. Iko kwenye barua uliyoletewa au kwenye karatasi ya nguzoni.
- Tarehe ya mwisho ya kupokea maoni.
- Ramani za nyumba ulizopakua kwenye tovuti ya mipango ya kaunsili. Ni bure.
- Rula, futi ya kupimia na kikokotoo cha simu.
- Jioni mbili na asubuhi moja ya siku ya taka.
- Mtu mmoja wa kukupitishia Kiingereza chako, kama unaona aibu nacho. Usione aibu. Sentensi fupi fupi zinatosha.

Kutoa maoni hakulipiwi hata senti. Huhitaji kuwa raia wala mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba ana haki sawa ya kuandika. Yeyote anayekuomba pesa akuandikie "barua maalumu ya kupinga" anauza kitu unachoweza kufanya mwenyewe kwa saa mbili.

Maneno matano utakayokutana nayo

C3 ni kundi la matumizi la nyumba ya kawaida ya familia. C4 ni HMO ndogo, ya watu 3 hadi 6. Wakizidi 6, nyumba inaitwa "sui generis", yaani haiingii kundi lolote, na hapo kwa kawaida kibali cha mipango kinahitajika popote England. Agizo la "Article 4" nitalieleza kwenye hatua ya pili. Neno la tano ni leseni, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Leseni ya HMO inatolewa na idara ya makazi chini ya sheria ya mwaka 2004, na tangu tarehe 1 Oktoba 2018 ni lazima kwa nyumba yenye watu 5 au zaidi wa kaya mbili au zaidi wanaotumia huduma kwa pamoja. Kibali cha mipango ni kitu kingine, kutoka idara nyingine. Nyumba inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine.

Hatua

1. Hesabu siku, leo hii. Muda wa maoni kwa kawaida ni siku 21. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, kwa sababu huenda wewe umeiona baada ya wiki. Iandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona. Maafisa wengi husoma pia maoni yanayochelewa mradi uamuzi haujatoka, lakini hawalazimiki kukusubiri.

2. Jua ni ombi la nini hasa. Fungua tovuti ya kaunsili, weka namba, soma kichwa cha ombi neno kwa neno. Nyumba ya C3 kwenda C4 kwa kawaida haihitaji kuomba: tangu Oktoba 2010 sheria ya taifa inaruhusu mabadiliko hayo moja kwa moja. Kaunsili ikitaka kuyadhibiti kwenye eneo fulani inapitisha agizo la Article 4, linaloondoa ruhusa hiyo, na hapo mwenye nyumba lazima aombe. Oxford wana agizo la jiji zima tangu Februari 2012, Birmingham tangu Juni 2020. Angalia ramani ya agizo kwenye tovuti ya kaunsili yako. Pengine linaishia mtaa wa pili kutoka kwenu.

Angalizo kubwa hapa. Kama kichwa kinasema ombi ni la cheti cha uhalali (lawful development certificate), mchezo ni mwingine kabisa. Hapo mara nyingi mwenye nyumba anasema, "Nimeitumia hivi miaka 10 mfululizo, hamwezi kunigusa tena." Hoja zako za magari na kelele hazina nafasi hata kidogo. Kinachopimwa ni ushahidi wa tarehe. Ukijua kwa hakika kwamba mwaka fulani familia moja ilikaa humo, hilo ndilo la kuandika, na uandike unajuaje.

3. Tafuta sera, kisha uchore duara. Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo watu wanairuka. Sheria inataka uamuzi ufuate mpango wa maendeleo wa eneo, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kwenda kinyume. Kaunsili nyingi zenye HMO nyingi zimeweka kikomo ndani ya mpango huo. Southampton wamepima kwa asilimia 10 ndani ya duara la mita 40. Brighton & Hove, asilimia 10 ndani ya mita 50. Birmingham, asilimia 10 ndani ya mita 100. Oxford wamehesabu kwa urefu wa mtaa wa mita 100, kikomo asilimia 20. Unaona jinsi zinavyotofautiana. Usichukue namba ya rafiki yako wa mji mwingine. Ingia kwenye tovuti, tafuta "HMO" ndani ya mpango wa eneo lenu (Local Plan), nakili namba ya sera na maneno yake.

Sasa hesabu. Tumia ramani ya mtandaoni yenye kipimo, weka kitovu kwenye nyumba yenyewe, hesabu nyumba zote zilizo ndani ya duara. Kisha fungua rejista ya HMO zenye leseni. Kaunsili inalazimika kuwa nayo na kila mtu ana haki ya kuiona. Ongeza na vibali vilivyowahi kutolewa, vinavyoonekana kwenye ramani ya mipango. Tuseme umepata nyumba 43, na HMO 4. Hiyo ni asilimia 9.3. Ikiongezwa hii ya tano inakuwa 11.6. Kama sera inasema 10, na inahesabu pamoja na nyumba inayoombewa, umepata hoja yako kuu kwa dakika arobaini za kazi. Soma vizuri kama sera inahesabu hivyo, maana si zote.

Baadhi ya kaunsili wanakataza pia "kubana" nyumba ya familia katikati ya HMO mbili. Angalia kama inakuhusu.

Usijaze hesabu kwa nyumba unazozihisi tu. "Nadhani namba 12 pia ni HMO" inaharibu zile nne za kweli. Kama una sababu ya kuamini, iandike mbali na hesabu, na umwombe afisa athibitishe kutoka kwenye kumbukumbu za kaunsili.

4. Pima ramani kwa rula. Wengi hufungua ramani, wakaona mistari, wakafunga. Rudi. Kuna ramani ya nyumba ilivyo sasa na ya itakavyokuwa. Ziweke pamoja. Sebule imekuwa chumba cha kulala? Jiko limebaki lile lile huku watu wameongezeka mara mbili?

Kipimo kimoja cha kawaida ni 1:50, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni nusu mita ndani ya nyumba. Kabla ya kupima, angalia mstari wa kipimo ulio pembeni mwa ramani, kwa sababu printa ikipunguza ukurasa ili uenee, kila kitu kinasinyaa na vipimo vyako vyote vinakuwa uongo. Mstari ukisoma sawa, endelea.

Mfano: chumba kinachosomeka sentimita 5 kwa 5.2. Hiyo ni mita 2.5 kwa 2.6, sawa na mita za mraba 6.5 kamili. Kiwango cha chini cha taifa kwa mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10 ni mita za mraba 6.51, kwa watu wawili ni 10.22. Chumba hicho kimepungukiwa kwa kipande kidogo kuliko sahani, lakini kimepungukiwa. Na kama ni cha darini, sehemu ambayo dari iko chini ya mita 1.5 haihesabiwi kabisa. Chumba changu cha zamani kilionekana kikubwa kwenye karatasi. Ukisimama, ulisimama katikati tu, kama ndani ya hema.

Viwango hivyo ni vya leseni, kwa hiyo afisa wa mipango anaweza kukujibu kuwa ni kazi ya idara nyingine. Viandike hata hivyo, ukiviunganisha na sera ya mpango wa eneo inayodai makazi yenye ubora kwa watakaoishi humo. Karibu kila mpango una sera ya namna hiyo. Nawaomba wanaopinga wasiiruke hii. Ukiwatetea watakaolala kwenye vyumba hivyo, unasema kitu cha kweli na cha haki, na afisa hawezi kudhani unawachukia.

5. Toka nje. Asubuhi ya taka, kabla gari halijapita, tembea ukihesabu mapipa yaliyoziba njia ya miguu. Pima upana uliobaki. Ukiandika kwamba nje ya namba fulani palibaki sentimita 70, kila mtu anaelewa kwamba mama mwenye gari la mtoto alishuka barabarani. Kwa magari, nenda usiku sana siku mbili za kawaida za wiki, watu wakiwa wamelala, uhesabu nafasi zilizobaki wazi. Andika tarehe na saa. Kisha rudi kwenye ramani: wameonyesha mapipa yatakaa wapi? Baiskeli je?

Usipige picha za watu wala za ndani ya madirisha. Namba za magari zifute.

Anayeunga mkono afanye kazi hiyo hiyo. Ukikuta nafasi za magari ziko wazi usiku, kituo cha basi kiko dakika tatu, na uani pana nafasi ya mapipa sita, hizo ni hoja zenye uzito ule ule.

6. Andika. Ukurasa mmoja, au moja na nusu. Namba ya ombi juu, anwani yako, unapinga au unaunga mkono, kisha hoja tatu au nne, kila moja na kichwa chake: mkusanyiko wa HMO, taka na njia ya miguu, maegesho, kelele kupitia ukuta wa pamoja, ubora wa vyumba, kupotea kwa nyumba ya familia kama sera yenu inalitaja hilo. Anza na ile yenye namba ya sera.

Ona tofauti. Mtu aliandika: "Nyumba hizi zinaleta fujo na wahuni, na bei ya nyumba yangu itashuka." Hakuna neno hapo linaloweza kutumika. Bei ya nyumba haipimwi, mandhari ya dirishani kwako haipimwi, tabia ya mwenye nyumba au faida atakayopata haipimwi, na "wahuni" ni watu ambao hata hawajahamia. Baada ya kukaa naye, ilisomeka hivi: "Chumba cha mbele chini kitakuwa cha kulala na kinapakana na chumba cha watoto wangu kwa ukuta mmoja. Ramani haionyeshi kinga yoyote ya sauti. Naomba ombi likataliwe, au likikubaliwa, liwekewe sharti la kuzuia sauti kabla ya mtu kuhamia."

Zingatia hilo la mwisho. Omba masharti hata kama unapinga. Kaunsili ikitoa kibali, inaweza kuweka kikomo cha wakazi, sehemu ya mapipa, banda la baiskeli, kinga ya sauti. Anayesema "kataa" tu na kunyamaza hukosa yote mawili.

Kumbuka pia kwamba jina lako na anwani yako vinaweza kuonekana na kila mtu mtandaoni, mwenye nyumba akiwemo. Usiandike usichoweza kumwambia usoni. Na maneno ya kibaguzi hayachapishwi. Yanafutwa pamoja na hoja nzuri ulizozichanganya nayo.

7. Tuma, hifadhi nakala. Tovuti nyingi hukukatisha ukikaa muda mrefu na maandishi yote yanapotea. Andika kwanza pembeni, ndipo ubandike. Piga picha ya ujumbe wa kupokelewa.

8. Mwandikie diwani wako. Maombi mengi ya aina hii huamuliwa na afisa mwenyewe. Katika kaunsili nyingi diwani anaweza kuomba lipelekwe kwenye kamati ya mipango, lakini ana tarehe yake ya mwisho na lazima atoe sababu za kimipango. Mpe sababu hizo, kwa mistari mitano. Likienda kamatini unaweza kujiandikisha kuzungumza, mara nyingi dakika tatu. Soma barua yako polepole nyumbani ukishika saa. Dakika tatu ni maneno machache kuliko unavyodhani.

Kuhusu orodha ya sahihi: majina hamsini chini ya sentensi moja yana uzito mdogo kuliko barua nne zenye hoja tofauti. Lakini baadhi ya kaunsili hupeleka ombi kamatini idadi ya wapingaji ikifika kiwango fulani, kwa hiyo angalia kanuni zao kabla ya kuzunguka milangoni.

9. Soma ripoti ya afisa uamuzi ukitoka. Lengo la muda ni wiki 8, na huongezwa pande mbili zikikubaliana. Ripoti inaeleza kila hoja ilijibiwaje. Isome hata ukishinda.

Mambo yakikwama

*Kazi zimeanza kabla ya kibali.* Ukarabati wa ndani mara nyingi hauhitaji kibali, na anayebadilisha matumizi bila ruhusa anaweza kuomba baadaye. Ripoti kwa kitengo cha usimamizi wa mipango (planning enforcement), na tarehe na ulichokiona. Jina lako kwa kawaida hufichwa.

*Hakuna Article 4 na watu hawazidi 6.* Basi hakuna ombi la kulipinga. Mahangaiko ya kelele peleka kwa idara ya afya ya mazingira ya kaunsili, na uliza idara ya makazi kama nyumba ina leseni inayotakiwa.

*Kibali kimetolewa na mimi nilipinga.* Jirani hana haki ya kukata rufaa. Kuna mapitio ya mahakama, lazima ndani ya wiki 6, lakini yanahoji kama sheria ilifuatwa na gharama zake zinaweza kukufilisi. Usiende bila wakili. Kama kaunsili ilikosea utaratibu, maliza kwanza malalamiko ndani ya kaunsili, kisha nenda kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, anayechunguza malalamiko dhidi ya kaunsili. Yeye hawezi kufuta kibali. Kilicho mkononi mwako kila siku ni masharti: yachape, na yakivunjwa, ripoti.

*Limekataliwa, mwenye nyumba amekata rufaa.* Kwa kawaida ana miezi 6 kuanzia tarehe ya uamuzi, na mkaguzi wa taifa ndiye anayeamua. Barua yako ya kwanza inapelekwa kwake. Huenda usipate nafasi ya kuongeza neno, ndiyo maana nakuhimiza uiandike kana kwamba ni ya mwisho.

*Mimi ndiye mpangaji, na nyumba yetu imekataliwa.* Usifungashe vitu usiku. Kukataliwa kwa ombi hakukufanyi wewe mhalifu. Mwenye jukumu ni mwenye nyumba. Kaunsili ikitoa notisi ya kusitisha matumizi, inakuwa na muda wa kutekeleza, na mwenye nyumba anaweza kuikatia rufaa. Kwa mpangaji wa kawaida, kutolewa kunahitaji notisi halali, na usipoondoka ni lazima aende mahakamani. Ulinzi ni mdogo kama unakaa na mwenye nyumba humo humo. Kusanya mkataba, risiti za kodi na ujumbe wote wa simu, kisha piga Shelter (shirika la hisani la makazi), nenda Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure), au kitengo cha makazi cha kaunsili, na uwaambie siku hiyo hiyo tarehe iliyo kwenye barua uliyopewa.